Tisheti Zenye Sura ya Eucabeth

Wewe uliyeketi hapo, umewahi kupewa pole kwa kifo chako mwenyewe? Eucabeth amepewa, tena mchana kweupe, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani.

Alikuwa mjane wa kutoka upande wa Kisii, mama yake Boaz, muuza ndizi katika soko la Migori. Jumamosi alikuwa kanisani, Sabato haichezewi. Lakini Jumapili alasiri alifunika ndizi zake kwa gunia akaenda nyuma ya mashine ya kusaga, ambako chama cha bao kilikutana. Wajaluo huuita mchezo huo ajua. Walikuwa wazee kumi na wanawake wawili tu, yeye na rafiki yake Nyasuguta. Bao alifundishwa na marehemu mumewe, na kwa miaka mitatu hakuna mzee pale aliyemfunga mara mbili mfululizo. Alicheza polepole, kidole gumba kikipapasa kete kiganjani, halafu akafagia mashimo ya mtu kama anayepukuchua mahindi.

Basi chama cha Homa Bay kikawaalika kushindana. Nauli haikuwepo. Bichage, mwenyekiti, mtu wa maneno ya asali, akasema wachapishe tisheti wauze, na juu yake iwekwe sura ya bingwa wao. Eucabeth akafunika mdomo kwa leso, akiona haya, ila moyoni alichanua. Safari hiyo aliitaka kuliko kitu chochote tangu azike mume. Hakumwambia mtu. Mwanamke wa umri wake akionekana anatamani mchezo, watu husema akili imeanza kulegea.

Sasa, huku kwetu tisheti nyeupe yenye sura ya mtu ina kazi moja tu: ni ya matanga. Wote walijua hivyo, na wote wakasahau, kwa sababu mwenye sura walikuwa naye kila wiki. Fundi wa kuchapa naye hakuuliza. Alipoletewa picha aliiweka ndani ya duara, akaizungushia waridi mbili kama alivyozoea, na chini akaandika Eucabeth Nyamusi.

Bichage na Nyasuguta walianzia Ndhiwa, siku ya soko. Mwanamke wa kwanza alishika tisheti, akaitazama ile sura kwa muda, akauliza mazishi ni lini. Nyasuguta akafungua mdomo, lakini Bichage akamtangulia: kamati bado inapanga. Mwanamke akanunua mbili. Wengine wakafuata, maana nani atapita mikono mitupu mbele ya wafiwa? Wiki iliyofuata wakaingia Homa Bay, wakawauzia hata akina mama wa samaki waliotoka kisiwa cha Mfangano. Zikaisha, wakachapisha nyingine.

Hawakumwambia Eucabeth. Aliyemwambia ni mchuuzi wa Ndhiwa aliyekuja kununua ndizi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole kwa dada yako, mama. Mlifanana kabisa."

Kisha akafungua sweta kumwonyesha kwamba na yeye alichanga. Eucabeth akasoma jina lake kifuani mwa mtu.

Alimwendea Bichage bila kelele. Bichage alicheka kwanza, akasema anayezushiwa kifo huongezewa miaka. Halafu akakuna shingo, akatoa lile lililokuwa limemkwama: Homa Bay walikuwa wameshachanga, wengine wamelia. Wakimwona ameketi mbele ya bao, chama kizima kitaitwa cha matapeli. Afadhali Omanga, mmoja wa wale wazee wa chama, achukue nafasi yake.

"Tuachie hii moja, Mama Boaz. Wewe ndiye mkubwa wetu."

Nyasuguta alikuwa hapo hapo, ameinama, akichambua kete ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Jumapili wakaondoka wote, Nyasuguta pia. Eucabeth akabaki akipanga ndizi, mbivu mbele, mbichi nyuma, akazipangua, akazipanga tena.

Jumatatu Bichage akaja sokoni uso umemshuka. Walikuwa wamefungwa vibaya, Omanga hakula hata shimo moja la maana. Alimletea Eucabeth tisheti iliyobaki, kubwa, akasema ni ya shukrani, anaweza kuivaa hata shambani. Eucabeth akaikunja taratibu, mikono ndani, sura juu, akaiweka kando ya ndizi. Bichage akasimama akihamisha uzito mguu huu na ule, kisha akauliza kama kuna kitu kingine angependa, sukari labda, au kilo mbili za unga.

"Nilitaka kuketi mbele ya mtu asiyenijua, Bichage mwanangu," Eucabeth akasema. "Anidharau kwanza, kisha nimfunge. Mara moja tu, kabla sijafa."