Ukumbi Uliofagiliwa Mno

Habari zilitangazwa Jumapili baada ya misa. Afisa maendeleo ya jamii angekuja Jumanne kutoka Kasulu mjini kuukagua ukumbi wa kijiji cha Nyamihanga. Wilaya ilitafuta ghala la mbegu na mbolea. Kama ukumbi ulikuwa unatumika, ungebaki kuwa wa wananchi. Kama hautumiki, ungejazwa magunia kabla ya mvua za mwaka huo wa 1996.

Vestina hakula chakula cha mchana siku hiyo. Darasa lake la ushonaji lilikuwa ukumbini, na halikuwa na mahali pengine pa kwenda. Sebule yake ilijaa maharage. Wasichana wake walikuwa wamefikia hatua ya kushona kola, na kola haifundishwi chini ya migomba.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Pasikali, aliwatuliza watu.

"Tutampokea vizuri," alisema. "Akiiona heshima yetu, ameona kila kitu."

Katika kijiji cha Nyamihanga, kumpokea mgeni vizuri kulikuwa na maana moja. Mgeni mkubwa huachiwa nyumba. Kazi zote hutolewa nje, watoto hupelekwa kwa jirani, na hakuna anayeingia mpaka mgeni awe amepumzika. Kwa hiyo, Jumatatu nzima watu walihamisha vitu. Cherehani zilipelekwa kwa Vestina. Mzani wa kupimia watoto wachanga, uliokuwa ukining'inia kwenye boriti, ulishushwa. Ngoma zilibebwa. Herufi kubwa za darasa la watu wazima zilibanduliwa ukutani. Kisha wanawake walisugua sakafu mpaka ikang'aa. Katikati waliweka kiti kimoja na meza yenye maua.

Bi Rabia, afisa aliyetarajiwa, alikuwa mwenyeji wa Pangani, na hakuwa amemaliza mwaka wilayani. Alishuka kwenye gari, akaamkiwa "Mwakeye!" na watu waliosimama mbali kwa adabu, akaingizwa ukumbini, akaachwa peke yake.

Alikaa. Alitazama kuta. Alisubiri mtu aje, na hakuja mtu. Mwishowe alitoka nje.

"Mwenyekiti, ukumbi ni msafi sana," alisema. "Sijaona hata alama ya kiatu."

"Ahsante sana, mheshimiwa," alijibu Pasikali kwa furaha.

"Hautumiki kabisa. Utafaa kuwa ghala."

Tabasamu la Pasikali lilibaki usoni, likikosa pa kwenda.

Vestina alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya afisa.

"Samahani, mheshimiwa. Umekaa humo kama mgeni, na sisi tulikuachia nyumba kwa heshima. Nakuomba urudi, ukae kama mtu wa hapa."

"Vestina!" Pasikali alishtuka. "Unataka kumwingizia mgeni kazi?"

"Ndiyo, mzee. Nisipoingiza kazi, yataingia magunia."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Bi Rabia alirudi kwenye kiti chake. Vestina aliwageukia watu, akawaita kwa Kiha warudishe kila kitu upesi.

Walirudisha kila kitu, wote kwa wakati mmoja. Siku za kawaida kila kikundi kilikuwa na siku yake, lakini siku hiyo hakuna aliyekubali kungoja. Wasichana waliingiza cherehani zikigonga milango. Ildefonce alipanga kwaya yake kando ya dirisha na kuanza sauti ya tatu. Bibi Niyomwungere, aliyesimamia upimaji wa watoto, alitundika mzani, akamkabidhi afisa mtoto aliyekuwa akilia.

"Mshike huyu, mwanangu. Mzani haupendi, labda wewe atakupenda."

Mtoto alimshika Bi Rabia ushungi, akanyamaza. Kwenye kona, wanaume wawili ambao shauri lao lilikuwa la Alhamisi walianza kusuluhishwa hapo hapo.

"Mbuzi wako alikula mihogo yangu!"

"Mihogo yako ndiyo iliyomfuata barabarani!"

Bi Rabia alicheka mpaka akafuta machozi. Ilimbidi apaze sauti ili Vestina amsikie.

"Hivi ndivyo mnavyoishi humu kila siku?"

"Hapana, mheshimiwa! Siku nyingine tuna utaratibu. Leo umetuvuruga wewe!"

Bi Rabia alimbadilisha mtoto mkono, akamtafuta mwenyekiti kwa macho katika msongamano ule.

"Mwenyekiti! Nitamweleza mkurugenzi kwamba mbegu zitafutiwe pengine. Humu hamna nafasi ya hata debe moja."

Vestina alikaa kwenye benchi la karibu. Wasichana wake walimrukia, wakamkumbatia, nusura benchi lianguke.

Pasikali naye alipiga makofi kuomba utulivu, uso ukimng'aa.

"Basi, ndugu zangu, mgeni amechoka. Tutoeni vitu hivi nje, apumzike."

"Mtu asitoe kitu!" walisema Vestina na Bi Rabia kwa pamoja.

Dadi, kiongozi wa wapiga ngoma, alidhani hiyo ni ruhusa yake. Akainua magongo, akaanza.