Shavu la Meneja

Katika studio yetu mawingu hayakuwahi kuondoka. Yalichorwa kwenye pazia kubwa la nyuma, na mchana, feni ilipozunguka, yalitembea kidogo kidogo kana kwamba yana safari. Mbele yake alilala mbwa wetu, Meneja, na ukimtazama kwa macho yaliyochoka ungeapa kwamba anaelea.

Jina hilo alipewa na kaka yangu, mpiga picha, kwa sababu mbwa huyo hakufanya kazi yoyote na bado kila mteja alimwulizia yeye kwanza. Picha iliyotupa sifa ilikuwa moja: mteja anapiga goti, anamshika Meneja shavu la kushoto, lile la upande wa dirisha, mbwa anatabasamu, kaka anabonyeza. Watu walitoka mbali kwa ajili ya shavu hilo.

Kazi yangu mimi ni kusafisha picha. Ninakaa nyuma ya pazia na kompyuta, ninafuta chunusi za mabwana harusi na kupunguza vitambi ambavyo wenyewe hawavikiri. Meneja naye nilimsafisha. Mdomo ukiwa wazi kwa mwayo, niliufunga. Ulimi ukiwa unalamba pua, niliurudisha ndani. Jicho likigeuka hadi weupe wake ukaonekana pembeni, nililitia weusi, maana wateja hawapendi jicho la namna hiyo. Nilifanya kwa mapenzi, na kwa majivuno pia, kwani mkono wangu ukipita hauachi alama.

Jumamosi moja mtoto wa miaka mitano alilishika shavu lile kwa mikono miwili. Meneja alinguruma, akang'ata hewa karibu kabisa na vidole. Mtoto hakuguswa, lakini mama yake alitoka akiapa kwamba hatakanyaga tena kwetu. Kabla hatujafunga, kaka alikuwa ameshampigia simu mlinzi wa ghala moja nje ya mji aliyehitaji mbwa wa kufunga getini. Jumatatu asubuhi angekuja na mnyororo. Nilimwambia kaka ana moyo wa jiwe. Alinijibu kwamba kidole cha mtoto kikikatika hakioti tena.

Jumapili mchana nilikwenda studio peke yangu nitafute picha moja ya Meneja ya kubaki nayo. Zile za ukutani sikuzitaka. Nilifungua picha mbichi, ambazo mkono wangu haujazipitia, nikaziacha zipite moja baada ya nyingine kuanzia mwaka jana. Feni ilizunguka, mawingu yakatembea, nami nikawa kama ninayeota nikiwa macho. Mwanzoni mkia ulikuwa umelegea vizuri na masikio yalikuwa huru. Kisha mkia ukaanza kushuka. Miezi minne ya karibuni masikio yalilala nyuma, mwili ulikwepa kiganja, ulimi ulikuwa puani, jicho jeupe pembeni. Mwayo, tena mwayo, tena mwayo. Na katika picha chache ambazo mteja alikosea akamshika shavu la kulia, hayo yote hayakuwepo.

Mbwa alikuwa akisema siku zote hizo, na mimi nilikuwa nikimfuta maneno mdomoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila mimi nilificha ya mwenzangu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Nilimpigia kaka simu. Alikuja amekunja uso, akasimama nyuma ya kiti changu, nikampitishia zote. Alizipiga mwenyewe, lakini baada ya kuzipiga alikuwa akiziona zikiwa zimeshapita kwangu.

"Kwenye hizi hatabasamu," alisema mwishowe.

"Hajawahi kutabasamu, kaka. Anaumwa."

Akaenda akakaa sakafuni mbele ya mawingu, mbali kidogo na Meneja, akatazama pembeni asimkodolee macho. Kisha akampigia mlinzi, akamwambia asije.

Asubuhi, saa ileile ya mnyororo, daktari wa mifugo alimwinua Meneja mdomo wa juu upande wa kushoto, taratibu. Jino la nyuma lilikuwa limepasuka na ufizi umejaa usaha. Aliuliza dalili zilianza lini. Kaka aliniangalia. Nilijibu kwamba ni miezi minne, nikaeleza na nilivyozifuta. Daktari hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba kunguruma ni neno la mwisho la mbwa, na kwamba kabla ya hapo huwa ameshaomba kwa adabu mara nyingi.

Jino liling'olewa. Siku hizi mteja akiulizia shavu, kaka humwambia Meneja yuko kwenye kikao. Picha za ukutani nimezishusha zote.

Wiki ya tatu, nikiwa nyuma ya pazia ninapunguza kitambi cha mtu, nilisikia kucha za Meneja sakafuni. Alikuja mwenyewe, mkia ukiyumba bila haraka, macho laini. Akaniwekea shavu la kushoto juu ya goti, akashusha pumzi. Mkono uliniwasha kwa hamu ya kumshika. Nikaukalia.