Sanduku la Risasi katika Soko la Jumatano

Mke wangu Fawziya alipitisha sheria nyumbani kwetu Ibra, hapa Oman: sanduku moja likiingia, moja litoke. Aliipitisha siku wageni wa harusi walipokosa pa kukaa majilisini, chumba chetu cha wageni, kwa sababu ya masanduku yangu. Kaka yake mwenyewe alikunywa kahawa akiwa amesimama.

Mimi hukusanya masanduku ya risasi ya Mjarumani, yale ya vita vya kwanza. Watu huniuliza, Ibra na Mjarumani wapi na wapi? Huwaeleza kwamba vita vile vilipiganwa mpaka Tanganyika, na wazee wetu waliokuwa na maduka Tanga na Tabora waliyanunua masanduku yaliyobaki. Yana mbao nzito, pembe zimefumana kama vidole, na ndani yametandikwa bati la zinki. Kilichozuia risasi zisipate unyevu kingezuia na nguo za hariri. Waliporudi Oman walikuja nayo, na mpaka leo ukibisha hodi nyumba za zamani za Nizwa unaweza kulikuta moja limejaa tende. Mjini Sur nilipata kapu la fito la kubebea kombora la mzinga. Bibi mwenye nalo alikuwa akilifunika juu ya chetezo afukizie nguo zake. Aliniambia kapu lile halijapata kazi bora kuliko hiyo, na nadhani alisema kweli.

Fahari yangu ilikuwa sanduku nililolipata Nizwa. Maandishi yake meusi yalisomeka yote, na niliyasoma mwenyewe, kwani Kijarumani nilikisoma darasa la usiku Maskati baada ya kazi, ndevu zikiwa zimeshaanza mvi. Sikulipaka rangi wala kulipiga msasa. Nililifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Lakini lililokuwa likinisumbua moyoni halikuwa na uzuri wowote. Baba yangu, Marhoun bin Khalaf, aliondoka Tanga na masanduku mawili pacha. Moja ninalo. La pili aliliacha njiani, milimani huku Oman, kwa watu waliotupokea mama alipougua. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, na baba hakuwa mtu wa kusimulia. Nilijua jambo moja tu: chini ya kifuniko, kama kwenye hili langu, alichoma jina lake kwa msumari wa moto. Nimepita vijiji vingi nikiomba watu wanifunulie masanduku yao, mpaka wengine wakadhani mimi ni mtu wa forodha.

Mwaka huu, siku moja ya Jumatano, binti yetu Wiam alirudi kutoka soko la wanawake. Soko lile hapa Ibra wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, na siku hiyo mwanamme haingii.

"Baba," alisema huku akijipakulia wali, "yuko bibi wa kutoka Dima, kule milimani, anauza udi. Alipofungua sanduku lake niliona chini ya kifuniko pameandikwa Marhoun bin Khalaf."

Nilisahau kutafuna. "Umelipiga picha?"

"Mule ndani? Ukiinua simu kupiga picha utatolewa kwa ndara."

Nikamgeukia Fawziya. Akaendelea kuchambua samaki.

"Bi Fawziya," nikasema.

"Sitaki."

"Sijasema kitu."

"Ukiniita Bi Fawziya unataka sanduku."

Alikubali mwishowe, kwa sharti la sheria yake. Nami nikampa sharti langu. Katika ukusanyaji kuna kanuni: kitu unachokitaka, kiponde. Usionyeshe haja. Akasema yeye angeona bora kumwambia yule bibi ukweli tangu mwanzo, kwamba hili ni sanduku la marehemu mkwewe. Nikamwambia aniachie kazi hiyo, mimi ndiye mwenye uzoefu. Tukakubaliana kwamba atanipigia simu, ataiacha wazi ndani ya mkoba, nami nitasikiliza nikiwa garini, nje ya lango.

Jumatano iliyofuata nilikaa garini, simu nimeiweka kwenye dashibodi. Nilisikia salamu kwanza. Kisha habari za nyumbani, za mvua, za maji ya mfereji wa falaji, za mbuzi wa huko Dima, halafu kahawa, halafu tende, halafu tena habari. Nikafikiri, huyu mwanamke kaenda kutembea. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiarabu. Nayaandika kwa Kiswahili.

Ndipo Fawziya akafika penyewe. "Bibi Tufool, na hili sanduku lako mbona limechakaa hivi?"

"Limezeeka kama mimi," ikajibu sauti ya mwanamke mzima.

"Si la kutia udi huu mzuri. Litupe tu, au niuzie mie, nikatilie kuku."

Vizuri, nikasema moyoni. Mke wangu hodari.

"Na mbao zenyewe duni," akaendelea. Alikuwa keshanogewa. "Tazama, limeliwa na mchwa. Litakuwa limeoza mpaka ndani."

Hapo nilishindwa. Nimeyatetea masanduku haya mbele ya watu waliosoma na wasiosoma, na haikuwahi kutokea mtu akalizulia mchwa sanduku la baba yangu nikanyamaza.

"Halina mchwa hilo!" nikasema kwa sauti. "Mchwa atapitaje? Lina zinki ndani!"

Mwanamke mmoja akauliza, "Mwanamme yuko wapi?" na mwingine akajibu, "Yuko mkobani," na hapo kikapasuka kicheko ambacho sikuhitaji simu kukisikia, maana kilinifikia kwa kuvuka ukuta.

"Fawziya binti wa watu," alisema Tufool, "huyo uliyemtia mkobani ni nani?"

"Mume wangu."

"Hebu mtoe apate hewa."

Simu ikashikwa na mkono mwingine. "Ewe mwanamme," akasema, "unajuaje kama sanduku langu lina zinki, na wewe uko nje?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikamtolea salamu kwa heshima zote, nikamwomba radhi yeye na soko lote, nikamwambia mimi ni Hamood, mwana wa Marhoun bin Khalaf, ambaye jina lake liko chini ya kifuniko.

Nilisikia akifunua kifuniko.

"Mwana wa yule mgonjwa," akasema taratibu. "Mama yako alilala chumbani kwetu. Mama yangu alikuwa akimnywesha mchuzi kwa kijiko, na wewe ulikuwa unalia usiku kucha, hukutuachia usingizi. Alipona?"

"Alipona. Aliishi sana, alhamdulillahi."

"Tulikuwa hatujui. Baba yangu alikufa akiuliza." Kisha sauti yake ikarudi ya sokoni. "Sasa sikiliza, Hamood. Hili tulipewa hiba na baba yako. Hiba haiuzwi. Ungesema jina lako tangu kahawa ya kwanza, ningekubebea mwenyewe mpaka langoni, bure. Lakini umemtuma bibi wa watu alitukane mbele ya majirani zangu. Leo naonekana nauza udi ndani ya banda la kuku."

"Haki yako. Sema unachotaka."

"Niletee la kwako, lile unaloliona zuri kushinda yote. Nikae nalo hapa waone."

Nilimsikia Fawziya akicheka chinichini. Yeye alilijua ni lipi.

Nilikwenda nyumbani, nikalibeba lile la Nizwa. Kwa kweli nililizunguka mara kadhaa kabla ya kulinyanyua. Langoni walitoka wanawake wawili wenye nguvu, wakalichukua bila kuyatazama maandishi, na Fawziya akatoka na lile sanduku pacha la baba yangu, amelikumbatia.

Sasa yale mawili pacha yamekaa pamoja majilisini, na wageni wanapata pa kukaa. La pili limeshiba udi wa miaka, ukilifungua nyumba nzima inanukia. Fawziya ametia shela zake humo bila kuniuliza.

Lile la Nizwa siwezi kwenda kulitazama. Kila Jumatano mke wangu akirudi humuuliza liko vipi. Wiki iliyopita alivua viatu polepole kabla ya kunijibu.

"Kalipiga misumari ya shaba pande zote, kama mandusi, lile sanduku la bi harusi," alisema. "Na kalipaka rangi nyekundu."

"Juu ya maandishi?"

"Juu ya kila kitu. Lakini kaniambia nikwambie, hajaona mchwa."