Mvua ya Mezani kwa Kitinda

Kila Jumatatu kabla ya chai, ofisi ya tabianchi ilikuwa ikiziendesha modeli zake juu ya miaka iliyokwisha kupita. Modeli huunganisha anga na bahari, vikapokezana joto na maji ndani ya kompyuta. Unaianzishia zamani, kisha unatazama kama itanyesha pale iliponyesha kweli. Isipoikumbuka jana, nani ataiamini kuhusu kesho?

Aliyetoa alama alikuwa mwanamke waliyembandika jina la Rula. Naye alikuwa na modeli yake humohumo mashindanoni, na hakuna aliyeona ubaya, maana alikuwa mkali kwa kila mtu. Modeli yake ilikuwa ya siku nyingi, yenye kiraka katikati. Kila bahari ilipoanza kupoa bila sababu, kiraka kiliichomekea joto kidogo, mambo yakaenda. Kila mwaka ilishika nafasi ya kwanza.

Kisha mdogo wake, Kitinda, akaleta ya kwake isiyo na kiraka. Ilipofika mwaka wa mafuriko, mvua ilianza kunyesha juu ya meza yake, ikaishia ukingoni mwa meza. Kitinda akafunika kibodi kwa mfuko wa plastiki. Mama yao, aliyesombwa na maji katika mafuriko yale, akaingia kwa mlango wa kawaida, akavuta kiti.

"Umekula?" akamuuliza Kitinda.

"Bado, Mama."

Mhasibu akampa Mama shikamoo yake, kisha akaomba apishwe aifikie printa.

Rula aliyaona yote hayo kutoka mezani kwake, akaona wivu. Haukuwa wivu wa leo. Siku ya mafuriko Mama alikuwa nyumbani naye, wakichambua mchele. Akaliacha sinia mapajani mwa Rula, akatoka kumfuata Kitinda shuleni. Alimpandisha juu ya ukuta wa shule, yeye mwenyewe akachukuliwa na maji. Tangu hapo watu humwambia Kitinda jinsi alivyopendwa. Rula hupewa pole tu, kama jirani.

Akauendesha mwaka uleule katika modeli yake. Yakapita manyunyu ambayo hayakulowesha hata karatasi. Mlango haukufunguliwa. Akainuka, akaenda kwenye kiti cha Mama.

"Mama, mbona kwangu huji?"

"Kwako hakunyeshi, mwanangu. Nitapitia wapi?"

Mama alisema hivyo bila lawama, huku akikamua pindo la gauni.

Sababu yake ofisi nzima iliijua. Siku ile haikuwa na kipimo, kwa kuwa kipimamvua nacho kilikwenda na maji. Makarani wa wakati ule walijaza pengo kwa wastani wa miaka ya kabla na baada, na wastani ulikuwa manyunyu. Rula alikirekebisha kiraka chake kifuate manyunyu hayo, na alama nazo zilitolewa kwa hayohayo.

"Dada, kitoe kiraka," Kitinda alimwambia. "Atakuja na kwako."

"Ili nishike mkia?"

"Ili aje."

"Kwako anakuja, ndiyo maana unaona rahisi."

Wenzao walipokwenda kula, Rula alikitoa. Bahari yake ikapoa, baridi ikatanda chini ya meza mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Halafu tone likamwangukia mkononi, likafuata jingine. Kwenye korido vikasikika viatu vilivyojaa maji, vikija upande wake. Moyo ukampiga kwa furaha. Akatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta: alama zake zilikuwa zimeporomoka chini ya zile za Kitinda.

Akakirudisha kiraka. Viatu vikasimama, kisha vikageuka.

Katika mkutano wa alama, modeli ya Rula ilikuwa ya kwanza, ya Kitinda ya mwisho. Kosa lake lilitajwa kuwa ni kuzidisha mvua.

"Lakini siku ile ilinyesha," Kitinda alisema. "Mama yule pale, amelowa chapachapa."

Mkurugenzi akamtazama Mama, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza na hali. Kisha akaeleza kwamba Mama si kipimo. Ukuta mpya wa kuzuia mto ungejengwa kwa kimo kilichotolewa na modeli ya kwanza, kimo kinachotosha manyunyu. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, kwa kuwa mwanawe ameshinda.

Baada ya mkutano Rula alileta taulo, akampa Mama kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," Mama alisema. Akalikunjua, akamvuta Kitinda karibu, akaanza kumkausha nywele.

Rula akabaki amesimama, akingoja arudishiwe taulo lake.