Simu ya Bure ya Mama Ndoo

Ukumbi wa michezo wa chuo kikuu ulijengwa kama bakuli lililofunikwa juu ya bakuli jingine. Hauna kona wala nguzo. Wageni huja kuupiga picha. Wafanya usafi huulalamikia, maana vumbi halina kona ya kukusanyikia, hutapakaa kote. Lakini ni wao waliogundua siri yake: ukisema kwa sauti ya chini ukiwa umeegemea ukuta wa mashariki, maneno hupanda paa na kumshukia aliye ukuta wa magharibi, kama ananong'onezwa sikioni. Wakaiita simu ya bure. Kwayo huonyana msimamizi akiingia, na humsengenya akitoka. Waliapa kutomwambia mtu. Mama Ndoo, mkuu wao, hakumwambia hata binti yake, nyota wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho hicho.

Asubuhi ya fainali alikuwa magharibi akifuta viti vya wageni wa heshima, vilivyo kando ya ukuta. Binti yake aliingia kwa mlango wa mashariki na mwenzake, mrefu mno hata akaitwa Ngazi, wakaketi sakafuni na kuegemea ukuta. Mama alitabasamu, akainua kitambaa awapungie.

"Umemwambia mama yako?" Sauti ya Ngazi ilimshukia sikioni.

"Nimwambie nini? Kwamba daktari kasema moyo wangu una kasoro, nikikimbia sana naweza kuanguka nisiinuke? Atanifungia ndani kama kuku. Nacheza leo, basi. Fomu ya daktari nimeichana, nimejaza nyingine mwenyewe."

Kitambaa kilimdondoka. Akakaa kwenye kiti chenye maji bila kujua. Baba wa mtoto huyu alianguka hivyo hivyo, ana miaka thelathini na minne, kikombe cha chai kingali mkononi.

Alitaka kupiga kelele. Lakini kelele katika ukumbi ule hupasuka vipande vipande, mtu haambulii neno. Akajikokota hadi ukutani, akasogeza mdomo, akasema taratibu kama anayeagiza sabuni:

"Vua viatu, mwanangu."

Ng'ambo, vichwa viwili viliinuka kwa pamoja. Ngazi alikodolea paa macho.

"Mama? Uko wapi?"

"Nipo na ndoo yangu. Vua viatu, twende wote kwa kocha. Utaninunia baadaye, ukiwa hai."

Kisha Ngazi, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa, akauliza kama siku zote walikuwa wakisikiwa. Mama Ndoo akamjibu kwamba mengine wao wafanya usafi walishayasahau.

Mama hakuona vizuri, macho yalikuwa yamemjaa machozi. Ila alisikia kamba ya kiatu ikifunguliwa, ya pili ikikwama, na mtoto wake akilia karibu kabisa, kana kwamba amemlalia begani.