Barekhmor

"Barekhmor, Baba," alisema Shmuni, akaweka begi chini.

"Aloho mbarekh," alijibu Mzee Gawriye kutoka juu ya ngazi, mkasi wake ukiendelea kukata matawi makavu ya mzabibu. "Umenenepa. Huko Uswidi mnakula nini?"

Hakuwa amenenepa. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Shangazi Khatun alimwambia kwenye simu bila kumung'unya maneno: "Uliolewa na huyo Aday wako, baba yako akiwa amekupa kisogo. Ulitarajia nini?" Maneno hayo yalimchoma, hata akapanda ndege kurudi kijijini.

"Shuka, Baba. Nimekuja kuomba radhi. Hukunibariki nilipoolewa, na mtoto huyu sitaki nimpoteze."

Mkasi ulinyamaza. Mzee alishuka taratibu, akiguna kila kidato.

"Nani kakwambia sikukubariki?"

"Harusini hukuja."

"Nilikuwa na hasira. Lakini kila Jumapili ukinipigia simu, unaanza na neno gani?"

"Si nakusalimu tu?"

"Unanisalimu!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wewe! *Barekh* ni bariki. *Mor* ni bwana wangu. Kanisani msomaji hasomi kabla hajamwambia kasisi neno hilo na kujibiwa. Wazee wetu wakatoka nalo, wakaenda nalo shambani na sokoni, likazoeleka hadi likawa kama hujambo. Kila Jumapili umeniomba, na kila Jumapili nimekujibu: Mungu abariki. Hata Jumapili ile ya harusi yako, nikiwa nimevimba kama mkate tanurini."

"Nilidhani unaitikia kwa mazoea."

"Hasira ilikuwa yangu. Baraka si yangu, ningekunyimaje?"

Shmuni aliketi kwenye kidato cha chini. "Basi wale wawili, Baba?"

Mzee alivua kofia. "Hilo sijui, mwanangu. Niliwalilia pale ndani, peke yangu. Lakini hawakutoka kwa kukosa radhi. Hilo nalijua."

Shmuni alilia, kisha akajikuta ana njaa, njaa ambayo hakuwa ameisikia kwa wiki nyingi. Alikula ngano na mtindi mpaka akakwangua sufuria.

Alasiri Khatun aliingia langoni na sauti yake ya kuita mbuzi. Alimkuta kaka yake ameketi kizingitini, kidole kwenye midomo kumnyamazisha.

"Yuko wapi huyo?"

"Amelala," alisema Gawriye. "Na wewe leo utanong'ona."