Swali Lililotoka Jikoni

Hebu niambie, umewahi kutumwa na mtu aliyekaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, uende jikoni ukamwulizie ulimwengu ulianzaje? Na jikoni penyewe ni hatua kumi na moja tu? Tusekile alizihesabu. Kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, na katikati kizingiti cha mbao kinachovimba mvua ikinyesha na kumkwaza kidole gumba kilekile kila siku.

Mume wake, Jairo, alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai huko Lufingo, miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuinua kichwa kutazama nyota. Angeziona wapi? Mvua ikianza Novemba mawingu yanakaa kama wapangaji mpaka Juni, na mvua ikiondoka unaingia ukungu. Lakini mtoto wao Asajile alimletea simu ya kupangusa kutoka Mbeya, na tangu hapo mzee akawa mtu wa anga. Asubuhi, kabla hajanawa uso, kijana mmoja humo mtandaoni ameshaanza kupayuka kwamba zamani vitu vyote, jua, mwezi na nyota zote, vilibanana mahali padogo kuliko punje ya ulezi, kisha ghafla pakatanuka, na mpaka leo panatanuka. Anaongea kama anauza dawa ya minyoo stendi. Na Jairo anatikisa kichwa, "Mm, mm," kama vile naye siku hiyo alikuwepo.

Kuelewa, haelewi. Wa kumwelewesha alikuwamo humohumo nyumbani: Prisca, mke wa Asajile, mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Singida, aliyepangiwa sekondari ya kata na kukaa kwa wakwe wakati nyumba ya walimu ikingoja bati. Lakini kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Majirani wengi wameshaacha mambo hayo. Jairo aliyashikilia, maana yalimpa heshima ambayo mizani haikumpa. Akitoka msalani anakohoa, na Prisca anajibanza nyuma ya mlango wa stoo, mtu na digrii yake.

Kwa hiyo maswali abebe nani?

"Mama Asajile! Kamwulize huyo, kabla ya huo mwanzo kulikuwa na nini?"

"Kamwulize, kamwulize. Mimi ni bomba la maji?"

"Wewe nenda tu. Haya mambo huyawezi."

Huyawezi! Anaambiwa Tusekile, aliyemaliza darasa la saba akiwa wa pili kutoka juu, wakati Jairo darasa la sita alilikalia mara mbili. Akasonya, akaenda.

Prisca alikuwa akijibu taratibu, akichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Tusekile anasimama mkono kiunoni, mdomo ameupinda upande, kama mtu anayeonyeshwa kitenge asichokuwa na nia ya kukinunua. "Upuuzi mtupu," anasema. Halafu anarudi sebuleni na kumfikishia mumewe jibu neno kwa neno, hajapunguza hata moja.

Shida ni kwamba maneno hayo hayakupita yote. Mengine yalibaki. Akichuma chai anayakuta, akimenya ndizi anayakuta. Na Jumatano moja, anakanda unga wa maandazi, akapata swali lake mwenyewe, likamkaa kooni. Sasa angeliulizaje? Wiki tatu nzima ameyaita upuuzi, mbele ya mkwe, mbele ya mume, mbele ya kuku. Leo aseme na yeye anataka kujua?

Akafanya hivi. Akapangusa mikono, akatoka mpaka kizingitini, akahesabu polepole hadi ishirini na mbili, akarudi.

"Baba anauliza," alisema, akiangalia pembeni. "Anasema unga ukiumuka, unaumuka ndani ya sufuria. Huo ulimwengu unaotanuka kila siku, unatanukia ndani ya nini?"

Prisca aliacha kuchambua maharage. "Baba kauliza hivyo?"

"Ndivyo alivyosema. Si unamjua."

"Mama, hili sasa ndilo swali! Kidato cha nne wangu hawajawahi kuliuliza. Hakuna sufuria, mama. Siyo unga unaojaza mahali palipokuwa wazi. Mahali penyewe ndipo panapoumuka. Na kama huko nje kuna sufuria, hakuna aliyewahi kuuona ukingo wake." Kisha furaha ikamzidi adabu, akapaza sauti kuelekea ukutani: "Mwambie baba swali lake la sufuria ni kubwa sana! Wataalamu wenyewe linawaumiza kichwa!"

Sebuleni simu ikanyamaza. Tusekile akatega sikio. Sasa hivi atasema, swali gani tena, mimi sikuuliza.

"Mwambie nimeshukuru," Jairo akajibu.

Ameshukuru! Hata kuuliza sufuria ipi hakuuliza. Mtu aliyezoea kukata nusu kilo kwenye majani ya watu kwa kisingizio cha unyevu bila kope kutikisika, leo kalikata swali la mke wake.

Jumapili baada ya ibada akaja Andongwisye, rafiki wa Jairo, mzee wa kanisa mwenye migomba Mpuguso na ulimi usio na breki. Tusekile akapeleka chai na maandazi, na hajaweka sinia chini akasikia:

"Mwalimu mwenyewe alishangaa," Jairo alikuwa anasema, kidole juu. "Nilimpelekea hivi: unga ukiumuka, unaumuka ndani ya sufuria. Je, ulimwengu?"

Andongwisye aliacha kutafuna. "Wewe Jairo, unga umeukandia wapi?"

"Ni mfano tu."

"Najua ni mfano. Mimi nikitoa mfano natoa wa mgomba, maana mgomba naujua. Haya, hamira inawekwa kabla ya maji au baada?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea… hali ya hewa."

Andongwisye alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye suruali ya kanisani. Jikoni nako kitu kikaanguka, bila shaka kifuniko, maana Prisca naye alikuwa anasikia. Jairo akamgeukia mkewe, jasho limemtoka puani, na kwa sauti ileile ya mizani akasema:

"Mama Asajile, kamwulize huyo…"

"Siendi."

"Nini?"

"Siendi. Nikaulize nini, hamira? Hamira naijua mimi. Na swali nalijua mimi, nililizaa mimi Jumatano, unga umenijaa mpaka viwikoni, wewe umelala hapo na muuza dawa wako. Ukapewa sifa, ukazipokea kama zawadi ya harusi. Hata haya huna!"

"Mama Asajile, mbele ya mgeni!"

"Mgeni ndiye aliyekukamata."

"Hilo kweli," alisema Andongwisye, akichukua andazi la pili.

Jairo akatazama stuli yake. "Lakini si wewe uliyesema mambo haya ni upuuzi?" aliuliza, sauti imepungua.

Hapo alimpata. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Tusekile angeweza kabisa kusema ndiyo, ni upuuzi, akazoa vikombe, na kesho yake akaendelea kuwa bomba. Swali la pili lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ileile, na lilikuwa zito kuliko la kwanza.

"Nilisema," alijibu. "Na wewe pia ni upuuzi, na nimekaa nawe miaka arobaini na moja."

Akageuka. Hatua kumi na moja, na kizingiti akakiruka. Prisca alikuwa amesimama katikati ya jiko, kifuniko mkononi, hajui acheke au ajifiche. Tusekile akavuta kigoda, akakaa, mikono mapajani. Mlango akauacha wazi, makusudi.

"Prisca, mwanangu, safari hii hakuna aliyenituma. Nilitaka kuuliza mimi, na nijibiwe mimi. Kama hakuna sufuria, aliyekanda alisimama wapi?"